Kukata kulia kwenye makutano ya Arusha: mshale, kipilefti au kufunga kona?

Dereva anayekata kulia kutoka barabara kuu ya Moshi–Arusha–Namanga ana kazi tatu kwa wakati mmoja. Lazima aone magari yanayomjia kwenye njia mbili, aone bodaboda iliyojificha nyuma ya kifodi (daladala ndogo), na aone anayevuka kwa miguu kwenye zebra ya barabara ile anayotaka kuingia. Taa ya kijani ya duara haimsaidii kwa lolote kati ya hayo matatu. Inamruhusu kwenda iwapo mbele ni kweupe, basi. Kupima kama kweli ni kweupe kumeachwa juu yake, huku nyuma yake honi zinalia.

Kipande cha Sakina hadi Tengeru, kilomita 14.1, kilipopanuliwa kuwa njia nne, kazi hiyo ilizidi kuwa ngumu. Sasa unakatisha njia mbili badala ya moja, na wanaokuja mbele yako wana nafasi ya kukimbia. Kwa hiyo inapofika zamu ya makutano fulani kuwekewa taa mpya, swali la kuuliza kwenye kikao cha mtaa ni moja: anayekata kulia atapitishwaje? Hapa nazilinganisha njia zinazotumika duniani, nikiwalenga madiwani, wenyeviti wa mitaa, viongozi wa vijiwe vya bodaboda na yeyote atakayeitwa kutoa maoni kabla nguzo hazijasimikwa.

Tuweke sawa jambo moja kwanza. Tafiti nyingi za suala hili zimefanyika Marekani, ambako magari hushika upande wa kulia, kwa hiyo kona yao ya hatari ni ya kushoto. Sisi tunashika kushoto, na hatari ileile kwetu iko kulia. Ukiletewa mchoro uliotokana na mwongozo wao, ugeuze kama unavyoonekana kwenye kioo kabla ya kuukubali, na uangalie mshale umeelekezwa wapi na nguzo imewekwa upande gani.

Kijani cha duara bila mshale

Huu ndio mpangilio wa bei nafuu kuliko wote wa taa. Taa tatu, nyekundu, njano na kijani, na anayekata kulia anasubiri mwanya. Saa tano usiku hauna ubaya wowote, maana unafika, unaangalia, unapita. Pale ambapo magari ni machache kutwa nzima, sioni sababu ya kutafuta kingine.

Shida huanza foleni ikijaa. Wahandisi wa Marekani huchukulia kwamba mwanya usipopatikana kabisa, magari mawili hivi ndiyo yatakayochomoka katika kila mzunguko wa taa, yale yaliyokwisha kuingia katikati ya makutano, wakati kijani kinageuka njano. Mzunguko wa sekunde 90 hujirudia mara 40 kwa saa. Hayo ni magari 80 kwa saa nzima. Yanayobaki yanasubiri, na dereva aliyesubiri mizunguko mitatu huanza kukubali mwanya ambao asingeukubali mara ya kwanza.

Na mwanya wenyewe si mdogo. Miongozo ya usanifu wa barabara ya huko inalipa gari dogo sekunde 5.5 kukatisha njia moja ya wanaokuja, lori la semi sekunde 7.5, halafu inaongeza nusu sekunde au zaidi kwa kila njia ya ziada. Kwa hiyo kwenye njia nne zetu gari dogo linahitaji sekunde 6. Anayekuja kwa kilomita 50 kwa saa, kasi halali ya mjini, hutembea karibu mita 14 kila sekunde. Yaani unahitaji mita 84 zisizo na gari wala pikipiki. Akija kwa 80, unahitaji zaidi ya mita 130. Jioni ya Jumatano au Jumamosi, siku za soko la Tengeru, mwanya wa namna hiyo kwenye barabara hiyo utausubiri sana.

Kuna hatari nyingine ambayo madereva wanaijua bila kuambiwa. Magari mawili yanayokata kulia yakitazamana katikati ya makutano, kila moja linamziba mwenzake. Ukikutana na kifodi au fuso upande wa pili, huoni kinachokuja pembeni yake, na kinachokuja pembeni yake mara nyingi ni bodaboda. Sehemu kubwa ya tiba ya hili haimo kwenye taa. Njia za kukatia kulia zisogezwe karibu na katikati ya barabara hadi zitazamane uso kwa uso au zipishane kidogo, ili kila dereva aone kupita ubavu wa mwenzake. Ni kazi ya kingo na rangi, na mara nyingi inafanyika bila kugusa umeme.

Kuna kipimo cha haraka cha kujua kama duara limeshindwa. Katika saa ya msongamano hesabu magari yanayokata kulia, kisha hesabu yanayokuja mbele yake, uzidishe. Pale ambapo wanaokuja wana njia moja, jibu likizidi 50,000, miongozo ya Marekani inasema anza kufikiria mshale. Wakiwa na njia mbili kiwango hicho hukaribia kuongezeka maradufu. Mfano, wakikata kulia 120 na wakija 500, jibu ni 60,000. Vijana wawili wa mtaa wenye daftari wanaweza kuifanya kazi hii jioni moja, na hesabu yao itawasaidia kikaoni kuliko malalamiko.

Mshale wa kijani, na bila mshale husogei

Hapa anayekata kulia ana taa zake peke yake. Mshale ukiwa mwekundu anasimama, hata kama wanaokwenda moja kwa moja wana kijani. Mshale ukiwa wa kijani, wa mbele yake wote wamesimamishwa. Habahatishi chochote.

Linganisha uwezo. Mshale wa sekunde 15 hupoteza kama 2 mwanzoni watu wakiondoa breki na kuingiza gia, kisha gari moja hupita kila sekunde 2. Hayo ni magari 6 kwa mzunguko, 240 kwa saa. Mara tatu ya yale 80 ya kijani cha duara kilichojaa. Watu wengi hudhani mshale ni anasa ya usalama inayogharimu foleni. Kwa anayekata kulia, mahali palipojaa, ni kinyume kabisa.

Gharama yake iko kwa wengine. Kila zamu mpya unayoiongeza kwenye mzunguko hula kama sekunde 4 ambazo hakuna anayepita: njano, kisha nyekundu ya pande zote, kisha ule uzito wa kuondoka. Ukiongeza mishale ya pande zote nne kwa zamu mbili umepoteza 8, na sekunde 15 za kila mshale zinatoka kwa wanaokwenda moja kwa moja. Kishawishi cha wapangaji ni kurefusha mzunguko mzima ili kufidia. Naomba wasifanye hivyo. Mwenda kwa miguu akisubiri dakika mbili na nusu anavuka kwa nyekundu, na bodaboda hasubiri hata nusu ya hapo. Mzunguko ukipita sekunde 120 mjini, sheria ya taa inaanza kuvunjwa na watu ambao kwa kawaida si wavunjaji.

La muhimu kuliko yote ni kwamba mshale wa namna hii hauna maana bila njia yake ya kusubiria. Gari lililozuiwa na mshale mwekundu likiwa limesimama kwenye njia ya wanaokwenda moja kwa moja, umewafungia wote. Magari 6 kwa mita 7 kila moja ni mita 42, na semi moja ni mita 17 hivi peke yake. Nisingekubali njia fupi kuliko mita 60 kwenye barabara inayobeba malori ya Namanga. Ukiletewa mpango wenye mishale mizuri na njia ya kusubiria yenye nafasi ya magari matatu, urudishe mezani.

Mchanganyiko: mshale, kisha jitafutie mwanya

Hapa mshale wa kijani huwaka kwanza, halafu unazima na duara la kijani linabaki. Aliyekosa mshale anaruhusiwa kutafuta mwanya. Kwa hesabu za foleni ndio mpangilio unaovutia zaidi, kwa sababu unapata 240 za mshale na bado unaongeza wanaopita mianya ikitokea. Hauhitaji mshale mrefu sana, na usiku haumcheleweshi mtu.

Lakini una mtego. Uko katikati unasubiri mwanya, taa yako inageuka njano. Unaamini wa mbele nao wamepata njano na watasimama, kwa hiyo unakata. Kumbe wao bado wana kijani, kwa sababu upande wao umepangiwa mshale baada ya wako kufungwa, na wanaokwenda moja kwa moja wanaendelea pamoja nao. Umejipeleka mbele ya lori ukiwa umefuata taa yako kikamilifu. Wahandisi wanaijua hatari hii kwa jina la mtego wa njano, na inatokea tu pale ambapo mshale wa upande mmoja umewekwa mwishoni huku upande wa pili ukiruhusiwa kutafuta mwanya. Ukisikia mchanganyiko unapendekezwa, uliza swali hilohilo: mishale ya pande mbili inaanza pamoja na kuzima pamoja? Kama sivyo, mtego unaweza kuwepo.

Wamarekani waliutatua kwa mshale wa njano unaowaka na kuzima, ambao uliingia kwenye mwongozo wao wa kitaifa wa taa na alama mwaka 2009. Mshale huo haufungwi na taa ya wale walio sambamba nawe bali na taa ya wanaokujia, kwa hiyo unaendelea kuwaka na kuzima hadi wao wasimamishwe kweli. Tena, unamwambia dereva kwa sauti nyingine: si kijani, ni tahadhari, wape nafasi wengine. Pale ambapo zamani palikuwa na duara la kijani tu, mshale huu umepunguza ajali za kukata kona. Pale ambapo palikuwa na mshale kamili wa kijani (ule ambao usipowaka husogei) wakauondoa ili kuweka huu, ajali hizo ziliongezeka.

Matokeo hayo mawili ndiyo yanayonifanya niamue hivi. Kwa mtaa wenye njia moja kila upande, kasi ndogo na mwono mzuri, mshale wa njano ni hatua mbele. Kwa njia nne za Sakina–Tengeru, hapana. Miongozo yao wenyewe inapendekeza mshale kamili pale kasi ilipo kubwa, njia za kukatisha ni nyingi au mwono umezibwa, na sisi tunaongezea bodaboda zinazopenya kati ya magari, jambo ambalo tafiti za Marekani hazikulipima kwa kiwango chetu. Dereva wetu pia hajawahi kufundishwa maana ya mshale wa njano unaowaka na kuzima. Kumfundisha inawezekana, lakini somo hilo lisianzie mahali ambapo kukosea ni kugongwa ubavuni kwa kasi ya 80.

Faida kubwa inayotajwa ya mchanganyiko, kutokusubiri bure usiku, inapatikana kwa njia nyingine. Mshale kamili ukiunganishwa na kihisio, zamu yake inarukwa kama hakuna gari, na inakuja upesi likifika. Hapo uangalifu unahitajika katika kuchagua kihisio. Kile cha waya uliozungushwa chini ya lami kinahisi chuma, na pikipiki ina chuma kidogo, hivyo bodaboda peke yake anaweza kukaa kwenye mshale mwekundu mpaka avunje taa. Na lami yetu inachimbwa kila mara kwa ajili ya mabomba, waya unakatika. Kamera au rada juu ya nguzo inaona pikipiki vizuri zaidi na haiguswi na sululu, ingawa kamera inataka kufutwa vumbi mara kwa mara. Ningechagua ya juu ya nguzo.

Kipilefti

Arusha inavijua vipilefti, kuanzia Mnara wa Saa hadi Impala, na kwenye kipilefti kukata kulia si kukatisha tena. Unazunguka tu. Makutano ya kawaida yenye barabara kutoka pande nne yana sehemu 32 ambapo magari yanaweza kugongana; kipilefti cha njia moja kina 8, na migongano yake ni ya kuchubuana pembeni kwa mwendo mdogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba makutano ya taa yakigeuzwa kipilefti, ajali zenye majeruhi na vifo hupungua kwa asilimia 78. Hakuna mshale unaofika hapo. Umeme ukikatika, kipilefti hakijui.

Mbona basi nisikipendekeze kila mahali? Kwa sababu uzuri huo ni wa kipilefti cha njia moja, na hicho huanza kulemewa kinapokaribia magari 25,000 kwa siku. Ukikiongezea njia ya pili, watu wanabadilisha njia ndani ya mzunguko na sehemu za kugongana zinarudi. Kinahitaji kipenyo cha mita 30 na zaidi, ardhi ambayo katikati ya mji ina maduka. Upande mmoja ukiwa na mkondo mzito usiokatika, wa pembeni hawaingii kamwe, na ndiyo maana jioni trafiki husimama kwenye vipilefti kuwagawia watu zamu kwa mkono. Trafiki anapolazimika kusimama hapo kila jioni, kipilefti kimeshazidiwa.

Kwa mitaa ya ndani, Njiro, Sakina ya ndani, barabara za TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) zinapokutana zenyewe kwa zenyewe, kipilefti kidogo ningekiweka mbele ya taa yoyote.

Kufunga kona kabisa

Jimbo la Michigan limefanya hivi tangu miaka ya 1960. Kwa upande wetu ingekuwa hivi: hukati kulia kwenye makutano, unapita moja kwa moja, mbele kidogo unageuza kwenye uwazi wa tuta la kati, unarudi na kukata kushoto. Taa zinabaki na zamu mbili tu, mzunguko unakuwa mfupi, na mwenda kwa miguu anafaidi sana.

Inahitaji tuta pana au sehemu iliyopanuliwa ili semi igeuke bila kupanda bega la barabara. Tuta likiwa jembamba, lori litaziba njia mbili likijaribu kugeuza. Na tukiwa wakweli kuhusu bodaboda, akiambiwa aende mita 300 mbele ili arudi mita 300, wengi watapita upande usio wao. Ningefunga kona hasa pale ambapo wanaokata kulia ni wachache na sehemu ya kugeuzia iko karibu na ina taa usiku.

Anayevuka kwa miguu

Nimeliacha hili hapa ingawa ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu linakata kote. Kijani cha duara na mchanganyiko vinamleta anayekata kulia kwenye zebra wakati uleule ambapo mtu anavuka, na dereva huyo macho yake yako kwenye magari. Mshale kamili unaweza kuwatenganisha, ila uwepo sharti la maandishi kwamba mshale wa kulia na mtu wa kijani wa zebra hiyo haviwaki pamoja. Nalo halijitokezi lenyewe, hupangwa.

Wanaokata kushoto bado watakutana na wavukaji. Kwao dawa ni nafuu mno: mpe mvukaji kijani sekunde 3 hadi 7 kabla ya magari. Anakuwa amekwisha kufika katikati ya zebra, anaonekana, kabla gari halijaondoka. Na muda wa kuvuka upimwe kwa bibi mwenye mzigo, mita 1 kwa sekunde, si kwa kijana. Barabara ya mita 20 ni sekunde 20.

Ningechagua nini wapi

Makutano makubwa ya njia nne, kama pale Sanawari au Mianzini barabara za mitaa zinapoingia kwenye barabara kuu: mshale kamili, njia ya kusubiria ya mita 60, kihisio cha juu, zebra isiyogongana na mshale. Pasipo nafasi ya njia ya kusubiria, funga kona hiyo kuliko kuweka mshale usio na pa kusubiria. Mitaa ya mwendo mdogo: kipilefti. Mtaa wa taa ambao tayari una kijani cha duara na ajali zake ni chache: anza na rangi, mwono na sekunde za wavukaji, kisha mchanganyiko wenye mishale inayoanza na kuzima pamoja. Zamu ya Melbourne, ambapo anayekata kulia huanzia kushoto kabisa, iachwe hukohuko Australia.

Vyovyote mtakavyochagua, taa ziwe za LED zenye betri. Balbu ya zamani ya taa moja ilikula wati zaidi ya 100, LED hazifiki 20, ndiyo maana betri ya kawaida inaweza kuziendesha saa kadhaa umeme ukikatika. Ombeni pia kisanduku cha trafiki kwenye nguzo, ili siku ya msafara au mechi askari awape watu zamu kwa kubonyeza taa zilezile badala ya kusimama katikati. Na mkataba useme nani atarudi kuhesabu magari na kurekebisha sekunde miezi michache baadaye, kwa sababu mpangilio wa siku ya kwanza hukisiwa.

Maombi ya barabara kuu yanapelekwa TANROADS, wakala wa barabara kuu, ya mitaa TARURA. Makutano mengi ninayoyazungumzia ni ya wote wawili, kwa hiyo barua ikienda kwa mmoja, hakikisheni nakala imepokelewa na kugongwa muhuri kwa mwingine, maana mshale utawaka kwenye nguzo ya TANROADS na magari utakayoyapitisha yataingia kwenye mtaa wa TARURA.